Viini vya Kibanja: Mimea ya Bukoba na Muleba Kati ya Dawa na Vipodozi

Katika nyumba ya Kihaya, mgeni wa heshima huletewa buni za kutafuna. Zimechumwa kabla hazijaiva sawasawa, zikachemshwa pamoja na majani yenye harufu nzuri, zikaanikwa juani na kupitishwa kwenye moshi. Ndiyo akamwani. Mtu huitia mdomoni, huitafuna taratibu, na baada ya muda uchovu wa safari humpungukia. Wachuuzi mjini Bukoba huiuza ikiwa imefungwa vizuri kwenye vipande vya maganda makavu ya mgomba. Mbuni ulikuwa na hadhi Buhaya muda mrefu kabla Emin Pasha hajaweka kituo cha Wajerumani Bukoba mwaka 1890. Upandaji wake ulikuwa chini ya amri ya Bakama, watawala wa Kihaya, na wanaume wawili walipofunga undugu wa damu, punje mbili za tunda moja la kahawa ndizo zilizobeba kiapo chao.

Anayetafuna akamwani anafanya kwa meno na mate kazi ileile inayofanywa na mitambo ya Tanica, kiwanda cha kahawa kilichojengwa mjini Bukoba katika miaka ya 1960. Katika utengenezaji wa kahawa ya unga inayoyeyuka, buni hukaangwa na kusagwa, kisha maji ya moto hupitishwa ndani yake kwa shinikizo kubwa ili yabebe kila kinachoyeyuka: kafeini, asidi, rangi na ladha. Maji hayo mazito hunyunyizwa ndani ya mnara wenye hewa kavu ya moto, na yanapofika chini yamekwisha kuwa unga. Makapi hubaki nyuma. Kwa maneno mengine, mkoa wa Kagera, ambao watu wengi huutazama kama shamba la malighafi tu, umekuwa ukitengeneza na kuuza kiini cha mmea kwa zaidi ya nusu karne. Kinachofanyika kwa kahawa kinaweza kufanyika kwa mimea mingine ya Bukoba na Muleba, mradi kuwe na kitu kimoja ambacho Tanica inacho na mtungi wa dawa za miti shamba mara nyingi hauna, yaani kipimo.

Kiini cha mmea ni kile kinachopatikana baada ya kutenganisha kitu kinachofanya kazi na nyuzi, wanga na maji yasiyohitajika. Jani moja hubeba mamia ya kemikali ambazo mmea umejitengenezea kwa haja zake: kufukuza wadudu, kuzuia ukungu, kujikinga na jua kali. Baadhi humfaa binadamu, baadhi humdhuru, na mara nyingi ni ileile moja inayofaa ikiwa kidogo na kudhuru ikizidi. Maji ya moto huvuta baadhi ya kemikali hizo. Pombe kali huvuta nyingine zisizoyeyuka majini, mafuta huvuta nyingine tena, na mvuke hubeba zile zinazoruka hewani kama harufu. Mama anayechemsha majani, jirani yake anayeyatwanga na kuyaloweka katika maji baridi, na bibi anayeyachanganya na samli, watatu hao wanapata dawa tatu tofauti kutoka mti mmoja.

Mfano mkubwa wa jambo hilo ulitoka China. Mwaka 1971 mtafiti Tu Youyou alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika mmea wa Artemisia annua, na matokeo yake yalikuwa yakiyumba: leo kiini kinafanya kazi, kesho hakifanyi. Alirudi kwenye kitabu cha tiba cha karne ya 4, akaona mwandishi wake Ge Hong anaagiza majani yalowekwe na kukamuliwa, bila kuchemshwa. Akatambua kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa. Akabadili njia, akatumia etha inayochemka kwa nyuzi 35 tu za Selsiasi, na dawa ikapatikana. Leo kemikali hiyo, artemisinini, ndiyo msingi wa dawa mseto za malaria zinazotolewa katika zahanati za Kagera, na Tu Youyou alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015. Wakati huohuo Shirika la Afya Duniani halishauri watu watibu malaria kwa chai ya majani ya artemisia, kwa kuwa kiasi cha dawa ndani ya kikombe hakijulikani, na dozi pungufu huwapa vimelea nafasi ya kuizoea dawa. Mmea ni uleule, lakini chai na kidonge havilingani.

Bukoba ina mmea wake ambao kisa chake kinafunza zaidi hata ya huo. Ni mubilizi, kichaka kinachoota kando ya vibanja (mashamba ya migomba na mibuni yanayozunguka nyumba) na kwenye nyua, ambacho wanasayansi hukiita Vernonia amygdalina. Majani yake ni machungu mno. Buhaya hutumika kwa homa, kwa tumbo na kwa minyoo. Nigeria mmea huohuo hupikwa kama mboga baada ya majani kuoshwa mara kadhaa ili uchungu utoke. Mashariki ya Ziwa Tanganyika, katika milima ya Mahale mkoani Kigoma, Watongwe huuita mjonso.

Huko Mahale, mwezi Novemba 1987, Mmarekani Michael Huffman na Mtanzania Mohamedi Seifu Kalunde, ambaye pia alikuwa mjuzi wa dawa za Kitongwe, walikuwa wakifuatilia sokwe jike aliyepewa jina la Chausiku. Alikuwa mgonjwa: hali vizuri, analala mchana, mwili hauna nguvu. Chausiku alikwenda kwenye kichaka cha mjonso, akavunja tawi changa, akamenya gome, akatupa majani, akatafuna moyo laini wa ndani, akameza maji yake na kutema nyuzi. Kalunde aliutambua mti huo mara moja kuwa ni dawa ya kwao. Kesho yake sokwe alikuwa amepata nafuu na anakula. Baadaye watafiti walichunguza kinyesi cha sokwe mwingine aliyefanya hivyohivyo na kukuta mayai ya minyoo yamepungua kutoka 130 hadi 15 katika muda wa saa 20 hivi.

Maabara ilieleza kwa nini Chausiku alitupa majani. Mjonso una kemikali kali, mojawapo ikiitwa vernodalini, ambayo imejaa zaidi katika majani na gome, na ikiwa nyingi ni sumu. Katika moyo wa tawi imo kidogo tu, pamoja na kemikali nyingine za uchungu zinazowadhoofisha minyoo. Sokwe alikuwa amechagua sehemu ya mmea na kiasi chake. Majaribio ya maabara kwa tishu za wanyama yameonyesha pia kwamba kiini cha mubilizi kinaweza kuibana misuli ya mji wa mimba. Mama mjamzito anayepewa glasi nzima ya majani yaliyotwangwa kwa sababu “ni dawa ya asili, haina madhara” anastahili kuambiwa hivyo kabla hajainywa.

Ujuzi wa watu wa Kagera juu ya mimea yao umeandikwa kuliko wengi wanavyodhani. Watafiti wa Taasisi ya Tiba Asili ya Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, wakiongozwa na Profesa Mainen Moshi, walikwenda Bugabo, kata ya Bukoba Vijijini, wakakaa na waganga na wazee, wakachukua sampuli na kuzitambua moja moja. Ripoti yao ya mwaka 2009 ilitaja aina 94 za mimea kutoka familia 43. Malaria pekee ilikuwa na mimea 30. Magonjwa ya ngozi yalishika nafasi ya pili kwa mimea 19, jambo linalofaa kuwashtua wale wanaodhani vipodozi na tiba ni mambo mawili yasiyokutana. Kwa bafumu, yaani waganga, wa Bugabo, kuiponya ngozi na kuipendezesha ni kazi ya mkoba mmoja. Ripoti ya pili, juu ya kata ya Katoro, ilitoka mwaka uliofuata, na ya tatu, juu ya kijiji cha Kikuku wilayani Muleba, mwaka 2012.

Kabla ya hapo, mwaka 2007, Daniel Kisangau na wenzake wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti mwingine kutoka Bukoba Vijijini, nao ulizaliwa na msiba. Wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983. Kwa takriban miaka ishirini iliyofuata, kabla dawa za kufubaza virusi hazijafika vijijini, familia zilikuwa na waganga tu wa kuwakimbilia: kwa mkanda wa jeshi, kwa utando mweupe wa kinywani, kwa vipele visivyopona. Kisangau hakuandika mimea inayotibu UKIMWI, kwa sababu hakuna. Aliandika ile iliyotumika kwa magonjwa nyemelezi, kisha akapeleka baadhi yake maabara. Viini vya gome la Dracaena steudneri na vya mimea mingine miwili, Sapium ellipticum na Capparis erythrocarpos, vilijaribiwa dhidi ya fangasi wa Candida albicans, walewale wanaoleta utando wa kinywani, na vikaonyesha uwezo wa kuwazuia. Waganga waliozitaja dawa hizo walikuwa wameona kitu cha kweli.

Lakini kutoka hapo hadi sanduku la duka la dawa ni mbali. Kwanza huja maswali ya usalama, na mojawapo ya vipimo vinavyotumiwa sana Muhimbili ni cha gharama ndogo: mayai ya kamba wadogo wa maji chumvi huanguliwa, vijikamba huwekwa katika chupa zenye kiini cha mmea kwa nguvu tofauti, na baada ya saa 24 huhesabiwa waliokufa. Kiini kinachoua wengi kwa kiasi kidogo kina nguvu. Huenda kitafaa, huenda ni sumu, hivyo kinaendelea kuchunguzwa. Baadaye hufuata panya, kisha utulivu wa kiini chenyewe, yaani kama kitakuwa na nguvu ileile baada ya miezi sita kabatini, na mwisho binadamu waliokubali kwa hiari yao. Sehemu kubwa ya mimea ya Bugabo imesimama kwenye hatua ya kwanza au ya pili. Hii ndiyo habari ya kusikitisha katika kisa chote: ujuzi umekusanywa, sampuli zimo kwenye makabati ya Dar es Salaam, na fedha za kuzisogeza mbele hazijatosha.

Upande wa vipodozi njia ni fupi kidogo, kwa sababu losheni haidai kuponya. Hata hivyo nako kuna kisa cha kufikirisha. Katika sehemu zenye unyevunyevu za nchi hizi za Maziwa Makuu hutambaa mmea mdogo wenye majani ya duara yaliyokatwa upande mmoja kama figo, Centella asiatica. Watu huukanyaga wakienda kisimani. Madagascar umetumika tangu zamani kwa vidonda, na mwaka 1941 mkemia wa Kifaransa, Bontems, alitenga kutoka mmea wa kisiwa hicho kemikali iliyoitwa asiatikosidi. Wafaransa waliifanya kuwa marhamu ya makovu na vidonda, na baadaye viwanda vya Korea Kusini vikaiingiza katika krimu za uso zinazouzwa duniani kote kwa jina la cica. Madagascar hadi leo inauza majani yaliyokaushwa nje, na sehemu kubwa ya faida hubaki kwenye maabara zinazotoa kiini na kwenye kampuni zinazokipaka rangi na jina.

Kahawa nayo imefika kwenye vioo vya kujirembea. Kafeini ilitengwa kwa mara ya kwanza na Mjerumani Friedlieb Ferdinand Runge mwaka 1819, na leo imo katika krimu nyingi za kupaka chini ya macho, kwa kuwa hubana mishipa midogo ya damu na kupunguza uvimbe kwa muda. Muda huo si mrefu, na tangazo linaloahidi kuondoa mikunjo milele linasema uongo. Bali kwa mkulima wa Kagera kuna jambo la kuzingatia: robusta, kahawa inayotawala vibanja vya mkoa huu, ina kafeini karibu mara mbili ya arabika ya Kilimanjaro. Sifa inayofanya robusta ionekane ya daraja la chini kwa mnywaji wa Ulaya ndiyo inayoifanya kuwa malighafi bora kwa anayetafuta kafeini.

Baadhi ya vipodozi vya asili hutengenezwa jikoni, na hapo ushauri unahitajika zaidi kuliko sifa. Wasichana wengi hujipaka maji ya ndimu au limau usoni ili kuondoa madoa, kisha hutoka kwenda shambani au shuleni. Ganda la ndimu lina kemikali ambazo zikikutana na jua kwenye ngozi huiunguza. Malengelenge hutokea baada ya siku moja au mbili, na baada yake hubaki weusi unaoweza kudumu miezi. Anayetafuta kuondoa doa anajiongezea jingine. Mshubiri nao una sehemu mbili. Ute mweupe wa ndani ya jani hupoza ngozi iliyoungua kidogo na jua. Maji ya manjano yaliyo chini ya ganda ni kitu kingine kabisa: yanawasha ngozi na yakinywewa huendesha tumbo vibaya, kiasi kwamba Marekani iliyaondoa kwenye dawa za dukani mwaka 2002. Jani likikatwa linapaswa kusimamishwa hadi maji yote ya manjano yatiririke, ndipo limenywe. Na ute huo usipotiwa kihifadhi huoza kwa siku chache hata ukiwekwa kwenye chupa nzuri.

Kisha kuna mkorogo. Krimu nyingi za kuchubua ngozi zinazouzwa kwa kificho hubandikwa picha ya karoti, papai au limau ili mnunuzi aamini kwamba ndani mna mmea. Ndani huwa mna hidrokwinoni, zebaki au dawa kali za steroidi. Hidrokwinoni na zebaki zimepigwa marufuku katika vipodozi nchini Tanzania. Zebaki huharibu figo, na mtoto aliye tumboni haepuki. Tangu Julai 2019 usimamizi wa vipodozi umehamishiwa Shirika la Viwango Tanzania, TBS. Anayenunua kipodozi Bukoba sokoni ana haki ya kutafuta alama ya shirika hilo, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi, na kisipokuwa na hivyo, picha ya karoti isimdanganye.

Buhaya ina ujuzi mwingine unaoweza kugeuzwa kazi ya halali. Vizazi kadhaa vimejua kukeneka: pombe ya ndizi hutiwa katika chombo kilichofunikwa, huchemshwa, mvuke hupita kwenye bomba lililozamishwa katika maji baridi na kudondoka upande wa pili ukiwa pombe kali. Konyagi hiyo ya kienyeji imeua watu na kuharibu nyumba, na haifai hata kulowekea dawa, kwa kuwa inaweza kuwa na methanoli. Lakini kanuni ya mtambo wake ndiyo ile inayotoa mafuta ya mchaichai, ya mkaratusi na ya kivumbasi. Mvuke hupitishwa kwenye majani, hubeba harufu, hupozwa, na mafuta hujitenga na maji yakaelea juu. Kisiwani Pemba, Kiwanda cha Makonyo cha Shirika la Biashara la Taifa Zanzibar kimekuwa kikifanya hivyo kwa vikonyo vya karafuu na kwa mimea mingine, ukiwemo mchaichai. Mchaichai unaota Bukoba bila kubembelezwa, na kivumbasi kina ujenoli, kemikali ileile ya karafuu, kama wanakemia walivyoonyesha walipochunguza mmea wa Tanzania mwaka 1981. Tatizo ni wingi: kilo 100 za majani mabichi ya mchaichai hutoa chini ya nusu lita ya mafuta. Mtambo wa familia moja haulipi. Wa kikundi chenye ekari kadhaa unaweza.

Wakulima wa Bukoba na Muleba wamekwisha kupita njia ya namna hii kwa vanila, nao wana mengi ya kuwaeleza wengine. Vanila ni mmea wa Meksiko unaopanda juu ya miti, hivyo ulikaa vizuri kwenye kivuli cha kibanja, na shirika la wakulima la MAYAWA ndilo lililoueneza mkoani. Ua lake hufunguka asubuhi moja tu. Huku hakuna nyuki wa kulichavusha, kwa hiyo mkulima hulichavusha kwa kijiti na kidole, kwa mbinu iliyogunduliwa mwaka 1841 na Edmond Albius, mtoto mtumwa wa miaka 12 katika kisiwa cha Réunion. Mapodo, yaani maganda yake ya mbegu, hukaa miezi minane au tisa mtini. Yakichumwa hayanuki chochote. Harufu huzaliwa baadaye, yakishaloweshwa katika maji ya moto, yakafunikwa yatoe jasho, yakaanikwa kidogo kidogo kila siku, kisha yakahifadhiwa kwa miezi. Kilo tano au sita mbichi huwa kilo moja kavu.

Uvumilivu huo wote unaweza kuharibiwa na mwizi mmoja wa usiku. Bei ya vanila hufuata vimbunga vya Madagascar: ilipanda hadi karibu dola 500 kwa kilo mwaka 2003, ikaporomoka chini ya dola 50, ikapanda tena kupita 500 baada ya kimbunga Enawo cha mwaka 2017, ikashuka tena. Ikipanda, wezi huingia mashambani, na wakulima kwa hofu huchuma mapema, wakauza podo changa lisilo na vanilini ya kutosha. Mnunuzi akipima na kukuta haitoshi, huishusha bei kwa wote. Hapo ndipo kutoa kiini karibu na shamba kunapoleta nafuu. Podo fupi au lililopasuka, ambalo halipati soko zuri likiwa zima, linatoa kiini kilekile. Mjini Moshi, kampuni ya Natural Extracts Industries imekuwa ikinunua vanila ya wakulima wa Tanzania na kutengeneza kiini chake nchini. Na kiwango kinajulikana: Marekani, kwa mfano, haikubali chupa iitwe kiini cha vanila mpaka iwe na alkoholi isiyopungua asilimia 35 na takriban gramu 100 za mapodo kwa kila lita. Anayetimiza kiwango hicho akiwa Moshi au Bukoba ana bidhaa sawa na ya anayekitimiza akiwa Paris.

Swali la nani anafaidika halikwepeki. Mwaka 1964 mwanasayansi wa Ethiopia, Aklilu Lemma, aliona konokono wamekufa mtoni karibu na Adwa, mahali wanawake walipokuwa wakifulia kwa matunda ya endod, Phytolacca dodecandra. Konokono hao ndio hubeba kichocho, ugonjwa unaowasumbua pia watu wa mwambao na visiwa vya Ziwa Victoria. Lemma alitumia maisha yake kuthibitisha kwamba sabuni ya wanawake hao ingeweza kupunguza kichocho kwa bei ya maskini. Katika miaka ya 1990 Chuo Kikuu cha Toledo cha Marekani kilipata hataza ya kutumia endod dhidi ya kome wanaoziba mabomba huko Amerika ya Kaskazini, na Waethiopia wakalalamika, kwa haki kabisa. Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 ilikuja kuweka sharti kwamba anayechukua mmea na ujuzi wa wenyeji apate kibali chao na wakubaliane mgawo. Tanzania ni mwanachama wake. Mzee wa Katoro anayemwonyesha mgeni mti wa dawa anapaswa kuelezwa hivyo kwa lugha anayoielewa, kabla jani halijachumwa.

Ndani ya nchi, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala Na. 23 ya mwaka 2002 iliunda baraza linalosajili waganga, vituo vyao na dawa zao, na Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali hupima usalama wa dawa hizo. Mganga aliyesajiliwa na ambaye dawa yake imepimwa ana ngao dhidi ya matapeli wanaochafua jina la kazi yake. Mgonjwa naye ana wajibu mmoja mkubwa: akienda hospitali ya Ndolage, ya Kagondo au ya mkoa, amweleze daktari kila dawa ya miti anayotumia bila kuona haya, hasa kama anatumia dawa za kufubaza virusi, za kisukari au za shinikizo la damu, kwa kuwa baadhi ya mimea hubadili namna ini linavyozishughulikia. Daktari anayemkaripia mgonjwa kwa kusema ukweli huo anamfundisha kuficha mara nyingine.

Kwa kikundi cha akina mama wa Muleba kinachotaka kuanza sasa, bila kungoja panya wa maabara, parachichi ndilo lililo karibu zaidi. Miti yake imejaa vibanjani, na msimu ukikolea matunda huanguka na kuoza kwa kukosa mnunuzi. Mafuta yake ni mazuri kwa ngozi kavu na kwa nywele, hayahitaji kudai kuponya chochote, na viwanda vya nchi jirani ya Kenya vimekuwa vikiyauza nje. Tunda lililoiva hupondwa, nyama yake hukorogwa taratibu kwa joto lisilozidi nyuzi 50, kisha mashine ya kuzungusha kwa kasi hutenga mafuta na maji. Mtaji mkubwa ni mashine hiyo, na SIDO, shirika la viwanda vidogo lenye ofisi mjini Bukoba, ndipo mahali pa kuanzia kuulizia mafunzo na mitambo. Parachichi la kienyeji lenye maji mengi hutoa mafuta kidogo kuliko la aina ya hass, kwa hiyo kikundi kipime kwanza kilo kumi za matunda ya miti yake chenyewe kabla ya kukopa. Chupa ziwe za rangi nyeusi au kijani kizito ili mwanga usiyachachushe mafuta. Na makapi wasilishwe ng'ombe wala mbuzi: parachichi lina pesini, kemikali inayodhuru moyo na kiwele cha mifugo, hivyo pahali pake ni shimo la mboji.